Kupima TB Ukiwa na VVU: Namna ya Kutoa Sampuli na Kulielewa Jibu Lako

Kwenye mabenchi ya CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, maswali ni yaleyale kila siku ya kliniki. "Nesi, nimepima TB wakasema hakuna, mbona bado nakohoa?" "Mimi naumwa kifua, mkojo wa nini tena?" "Hicho kipimo cha nusu saa kweli kinaaminika?" Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayefuata dawa Mbeya, Songwe, Iringa au Njombe, na kwa ndugu anayekusindikiza. WAVIU washauri, yaani wenzetu wanaoishi na VVU wanaowashauri wengine, nao wanaweza kuusoma na mteja hatua kwa hatua.

Sina haja ya kukueleza kwa nini jambo hili ni letu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wana VVU, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi nzima ni 4.4. TB hufuata palepale kinga iliposhuka.

Nadharia nitakupa hii tu, kwa sababu bila hiyo majibu yako hayataeleweka. Kinga ikishuka, TB mara nyingi haitoboi mapafu kama inavyofanya kwa mtu mwenye kinga nzuri. Vimelea vinakuwa vichache kwenye makohozi, au vinahamia kwenye tezi, tumboni, kwenye uti wa mgongo, hata kwenye utando wa ubongo. Mgonjwa ana TB kweli, ila kikopo chake cha makohozi hakioneshi kitu. Ndiyo maana hakuna kipimo cha haraka kinachowanasa wagonjwa wote, na kwa mwenye VVU wanaoponyoka ni wengi zaidi. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata zitakuwa na maana.

Kwanza: nani asisome mwongozo huu sasa hivi

Kama mgonjwa hawezi kutembea bila kushikiliwa, anahema zaidi ya mara 30 kwa dakika, ana homa inayozidi nyuzi 39 au moyo unapiga zaidi ya mara 120 kwa dakika, mpeleke hospitali leo. Vivyo hivyo kama ameanza kuchanganyikiwa, au kichwa kinauma mfululizo na shingo imekaza. Huyo hatakiwi kusubiri siku yake ya kliniki.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kwenda

- Kadi yako ya CTC. Kama umehama kituo, beba na karatasi ya rufaa.
- CD4 yako ya mwisho (hesabu ya askari wa kinga kwenye damu) na majibu ya wingi wa virusi, kama unayakumbuka. Kama huyakumbuki, mwombe mhudumu ayaangalie kwenye faili kabla hujatoa sampuli. Utaona hapa chini kwa nini namba hiyo ni muhimu.
- Mwezi na mwaka ulipoanza ARV, na kama kuna kipindi uliziacha. Sema ukweli, hapa hakuna wa kukugombeza.
- Kama uliwahi kutumia dawa za TB, taja mwaka na kama ulimaliza dozi.
- Majina au pakiti za dawa ulizomeza wiki mbili zilizopita, hata ulizonunua duka la dawa muhimu pale mtaani.
- Chupa ya maji safi ya kusukutulia, na barakoa au leso ya kufunika mdomo.
- Namba ya simu inayopatikana. Kama kwenu mtandao unashika mlimani tu, andikisha na ya jirani unayemwamini.

Hela ya kipimo usiwaze. Kwenye vituo vya umma vipimo na dawa za TB ni bure. Waza nauli, tena ya safari mbili, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa utatakiwa kurudi.

Usije na makohozi uliyotemea nyumbani kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Yatamwagwa na utaanza upya.

Hatua ya 1. Jibu maswali manne, na ujibu kwa ukweli

Kila ukienda CTC utaulizwa: Unakohoa? Una homa? Umepungua uzito? Unatokwa jasho usiku? Watu wengi wanajibu "hapana, hapana, hapana" huku wameshanyoosha mkono kupokea dawa ili wawahi gari. Hapo ndipo uchunguzi unapoharibika mapema kabisa.

Mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, ile kanuni ya "kikohozi cha wiki mbili" siyo yako. Kwa mwenye VVU kikohozi cha muda wowote kinahesabiwa, hata kilichoanza juzi. La pili, huku kwetu watu wana visingizio vilivyo tayari. Kikohozi kinaitwa cha baridi, au cha moshi wa jikoni, na mchimbaji wa Chunya atakwambia ni vumbi tu. Inawezekana kabisa. Lakini vumbi la mgodini lenyewe linaongeza hatari ya TB, kwa hiyo kisingizio hicho ni sababu nyingine ya kupimwa. Na ukilowesha shuka mwezi wa saba pale Makete, wakati jirani zako wamelala na sweta, usiniambie ni joto.

Kuhusu uzito, usikisie. Angalia kadi: linganisha uzito wa leo na wa miadi iliyopita. Mkanda uliotobolewa tundu jipya nao ni jibu.

Sasa, maswali haya yanaaminika kiasi gani? Kwa uchambuzi ambao Shirika la Afya Duniani liliutumia mwaka 2021, kati ya watu 100 wenye VVU walio na TB, maswali manne yanawanasa kama 83. Ila kwa wale walioko kwenye ARV na wanaohudhuria kliniki kama kawaida, yanawanasa 53 tu. Karibu nusu wanapita bila dalili yoyote kati ya hizo nne.

Tupige hesabu ya mfano. Chukua watu 1,000 wanaotumia ARV vizuri, tuseme 20 kati yao wana TB. Maswali yatawanasa kama 11, na 9 watakwenda nyumbani. Katika wale 980 wasio na TB, karibu 300 watakuwa na dalili mojawapo na watapelekwa kupimwa zaidi bila kuwa na ugonjwa. Kwa hiyo ukiambiwa "una dalili, njoo upime", usianze kuaga watoto, maana wengi wanaoambiwa hivyo hawana TB. Na ukiambiwa "huna dalili", hiyo ni habari ya leo tu.

Hatua ya 2. Uliza unapimwa kwa kipimo gani

"Nimepima TB" ni sentensi isiyojitosheleza. Muulize mhudumu, kwa heshima tu: "Samahani nesi, hiki ni kipimo gani?" Akikutajia, liandike jina lake nyuma ya daftari lako. Vilivyopo ni hivi.

*Darubini.* Makohozi yanapakwa kwenye kioo na kuangaliwa. Ni kipimo cha zamani na kinahitaji vimelea vingi, ambavyo mwenye VVU mara nyingi hana. Kama jibu lako la hasi ni la darubini peke yake, uliza kama kituo kinaweza kupeleka sampuli kwenye GeneXpert.

*GeneXpert.* Mashine inatafuta vinasaba vya kimelea cha TB ndani ya makohozi, na papo hapo inaangalia kama kimelea ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Ikishaanza kazi inatoa jibu ndani ya saa mbili. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Desemba 2010, na Mbeya ni mojawapo ya sehemu ilikojaribiwa mapema. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionesha kwamba mashine iliwanasa wagonjwa 88 kati ya kila 100 ambao kuotesha vimelea maabara kulithibitisha kuwa wana TB. Kwa wale ambao darubini haikuona kitu, iliwanasa kama 61 kati ya 100. Katriji (kikasha cha sampuli kinachoingizwa kwenye mashine) mpya zaidi, ya Ultra, ilipitishwa 2017 na ina uwezo wa kuona vimelea vichache zaidi: kwa wenye VVU inanasa takriban 88 kati ya 100, wakati ile ya kwanza inanasa takriban 75. Gharama ya uwezo huo nitaieleza kwenye hatua ya 6.

*LAM, kipimo cha mkojo.* Ni kijiti cha karatasi kinachotoa jibu ndani ya dakika 25. Hiki ndicho kinachobishaniwa zaidi kwenye benchi, kwa hiyo kina hatua yake peke yake.

*X-ray ya kifua.* Haithibitishi TB, ila inaona kivuli ambacho maswali hayakukiona. Kwa walio kwenye ARV, ukijumlisha maswali manne na X-ray, wanaonaswa wanapanda kutoka 53 hadi 85 kati ya 100. Ubaya wake ni kwamba inawatilia shaka watu wengi wasio na ugonjwa, hasa waliowahi kuugua TB zamani na kubaki na makovu.

*CRP, tone la damu ya kidoleni.* Inapima uvimbe wa ndani ya mwili, haipimi TB yenyewe. Ikizidi miligramu 5 kwa lita, unapelekwa kwenye kipimo cha kuthibitisha. Inanasa takriban 90 kati ya 100, lakini nusu ya wasio na TB nao inawanyooshea kidole. Haipo kila kituo.

Hatua ya 3. Toa makohozi yanayofaa

Hapa ndipo pesa za serikali na nauli yako vinapopotelea. Mashine ya mamilioni haiwezi kuona vimelea kwenye mate.

a) Asubuhi ndiyo wakati mzuri, kabla ya kula, kwa sababu usiku kucha makohozi yamejikusanya. Kama umepewa kikopo uende nacho nyumbani, kiweke karibu na kitanda.

b) Sukutua mdomo kwa maji matupu. Usitumie dawa ya meno wala ya kusukutulia. Mabaki ya ugali na ulanzi wa jana yatoke kwanza.

c) Toka nje, palipo wazi, penye upepo, mbali na watu. Vituo vingi vina eneo lililotengwa. Usitolee chooni wala kwenye korido ya kliniki, hata kama kuna manyunyu. Simama upenuni.

d) Vuta pumzi ndefu, ishikilie kidogo, iachie taratibu. Rudia mara mbili. Safari ya tatu vuta, kisha kohoa kutoka chini kabisa, pale tumbo linapokaza. Ukikohoa kwa kooni utapata mate.

e) Fungua kikopo, kisogeze mdomoni, tema ndani bila kugusa ukingo. Rudia mpaka upate angalau mililita moja, bora zaidi mbili au tatu. Ni kama nusu ya kijiko cha chai.

f) Angalia ulichotoa kabla hujafunga. Inua kikopo kwenye mwanga wa jua na ukiinamishe kidogo. Mate yanakimbia upande mmoja haraka kama maji, meupe, yenye mapovu juu. Makohozi yanajivuta polepole, yananata kwenye ukuta wa kikopo, na yana rangi: ya maziwa mazito, ya njano, ya kijani, wakati mwingine na nyuzi za damu. Kama ulichonacho kinakimbia, kohoa tena. Na kama kuna damu, usiifiche, mwambie mhudumu.

g) Funga kifuniko mpaka kikaze. Hakikisha jina na namba yako vimeandikwa kwenye ubavu wa kikopo. Vikiandikwa kwenye kifuniko, vifuniko vikichanganyika maabara, jibu lako litakwenda kwa mtu mwingine na la kwake litakuja kwako.

h) Nawa mikono.

Kosa moja linalojirudia: mtu hana makohozi, anaona aibu kurudi mikono mitupu, anaomba ya mwenzake. Usicheke, hutokea. Utamezeshwa miezi sita ya dawa za ugonjwa wa mtu mwingine. Kama huna, sema huna. Kuna njia nyingine, nimezitaja mwishoni.

Hatua ya 4. Mkojo, kama unahusika

"Kwani mkojo una TB?" Ndiyo, mabaki yake. Ukuta wa kimelea cha TB una mafuta yenye sukari yanayoitwa lipoarabinomanani, ndiyo hiyo LAM. TB ikiwa imesambaa mwilini, vipande hivyo vinachujwa na figo na kutoka na mkojo. Kadiri kinga ilivyo chini na TB ilivyosambaa, ndivyo kipimo kinavyoona. Kwa mwenye kinga nzuri mara nyingi hakioni kitu, hata kama mapafu yanaumwa. Ndiyo maana nilikuambia uijue CD4 yako.

Tazama jinsi uwezo wake unavyobadilika. Kwa wenye VVU wenye dalili kwa ujumla, kinanasa takriban 42 kati ya 100 wenye TB. Kwa waliolazwa, 52. Kwa wanaotoka nyumbani kuja kliniki, 29. Kwa wenye CD4 ya 100 kushuka chini, 54. Kwa wenye CD4 inayozidi 200, 16 tu. Wasio na TB ambao kinawapa chanya kimakosa ni kama 9 kati ya 100.

Ukiangalia namba hizo utajiuliza, sasa kwa nini kitumike? Kwa sababu wanaonaswa nacho ndio walio karibu na kaburi, na wengi wao hawana hata nguvu ya kukohoa. Jaribio lililofanyika kwenye hospitali 10 za Afrika Kusini, Tanzania, Zambia na Zimbabwe na kuchapishwa 2016 lililinganisha wagonjwa wa VVU waliolazwa. Ndani ya wiki nane, walifariki 21 kati ya 100 kwenye kundi lililopimwa mkojo, na 25 kati ya 100 kwenye kundi ambalo halikupimwa. Kwangu mimi watu wanne katika kila mia ni wengi sana kwa kijiti cha karatasi.

Kwa maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ya 2019, wanaopimwa ni wenye VVU waliolazwa wakiwa na dalili, wakiwa mahututi, au CD4 yao ikiwa chini ya 200 hata bila dalili. Wa kliniki za nje ni wenye dalili, walio na hali mbaya, au wenye CD4 chini ya 100. Kama hauko humo na umenyimwa kipimo, hujaonewa, kwako kingekudanganya tu. Na asiye na VVU hapimwi kwa kijiti hiki kabisa.

Kutoa: jisafishe sehemu za siri kwa maji, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati kwenye kikopo kisafi. Usiuchanganye na kinyesi wala udongo, kwa sababu vimelea vingine vya jamii ya TB vinaishi huko nje na vinaweza kuchora mstari wa uongo. Ukabidhi mkojo ukiwa mbichi.

Mhudumu atadondosha mikrolita 60 kwenye kijiti na kusubiri dakika 25. Jibu linasomwa kabla ya dakika 35 hazijapita, likilinganishwa na kadi yenye vivuli vya mistari inayokuja na kipimo. Hapa pana mtego. Mstari hafifu kuliko kivuli cha kwanza kwenye kadi ni hasi, hata kama wewe unauona. Na mstari wa udhibiti, ule unaoonesha kwamba kijiti chenyewe kinafanya kazi, usipotokea, kipimo kimekufa, kinarudiwa na kijiti kingine. Ukiona mtu anakisoma kwa macho tu, kadi ikiwa kwenye droo, una haki ya kuuliza kadi iko wapi.

Kipimo hiki hakisemi chochote kuhusu usugu wa dawa. Kwa hiyo hata mkojo ukiwa chanya, makohozi bado yanatakiwa. Ukiambiwa "toa vyote viwili", toa vyote viwili.

Hatua ya 5. Ifuatilie sampuli yako

Kama uko kwenye zahanati, sampuli itasafiri kwenda kwenye kituo chenye mashine, mara nyingi kwa bodaboda. Uliza mambo matatu kabla hujaondoka: inaondoka siku gani, majibu yanarudi lini, na nani atanipigia. Saa mbili za mashine hugeuka siku kadhaa za barabara, hasa masika, njia za Makete na Ludewa zikiwa tope tupu. Anza kuhesabu siku pale sampuli inapoondoka.

Usisubiri upigiwe. Tarehe ikifika, piga wewe, au pita.

Hatua ya 6. Lisome jibu lako

Kwenye rejista na fomu za majibu ya GeneXpert kuna herufi zinazotumika kimataifa. Zijue.

N: TB haikuonekana kwenye sampuli hii. Sijasema huna TB. Nenda hatua ya 7.

T: TB imeonekana, usugu wa rifampisini haukuonekana.

RR: TB imeonekana na ni sugu kwa rifampisini. Matibabu yake ni tofauti, usikubali kuanzishiwa dawa za kawaida.

TI: TB imeonekana, usugu haukuweza kujulikana. Sampuli nyingine inatakiwa.

TT: chembe tu zimeonekana. Hili ni jibu la katriji ya Ultra, na ndiyo gharama niliyoitaja. Kwa sababu inaona hata kidogo sana, inaweza kuona masalia ya vimelea vilivyokufa vya TB uliyotibiwa miaka michache iliyopita. Kwa mwenye VVU ambaye hajawahi kuugua TB, chembe zinachukuliwa kuwa ni TB na anaanza dawa. Ukiwa uliwahi kutibiwa, hasa ndani ya miaka mitano, mwambie daktari hapohapo, kwa sababu atahitaji dalili zako, X-ray na pengine kuotesha kabla ya kuamua.

I: mashine haikutoa jibu. Siyo hasi. Rudia.

Hatua ya 7. Jibu ni hasi na bado unaumwa

Hapa ndipo watu wanapotea. Mtu anasikia "hasi", anashukuru Mungu, ananunua sharubati ya kikohozi, anarudi baada ya miezi miwili amebebwa. Fanya hivi badala yake.

1. Mwambie mhudumu kwa maneno haya: "Jibu ni hasi lakini bado nina homa, au kikohozi, au uzito unashuka. Kinachofuata ni nini?"
2. Omba kurudia makohozi, safari hii ya asubuhi, kwa kufuata hatua ya 3.
3. Omba X-ray, na kama unastahili, LAM.
4. Kama tezi zimevimba, tumbo limejaa maji au kichwa kinauma, sema. Sampuli inaweza kuchukuliwa hukohuko kwenye tatizo.
5. Ondoka na tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi.

Ujue pia kwamba daktari anaweza kukuanzishia dawa za TB bila kipimo chochote kuwa chanya, kwa kuangalia dalili, X-ray na hali yako. Wengine wanakataa: "Nimeze dawa za ugonjwa ambao haujaonekana?" Ukishasoma namba za hapo juu utaelewa kwa nini anafanya hivyo. Kuotesha vimelea ndicho kipimo cha uhakika zaidi, ila jibu la hasi linaweza kuchukua hadi wiki sita, na mwenye CD4 ya 40 hana wiki sita za kuchezea.

Kosa kubwa la hatua hii ni kumeza sipro na ndugu zake kutoka duka la dawa. Antibiotiki za kundi hilo zinaipunguza TB kwa muda, unapata nafuu ya uongo, na kipimo kinachofuata kinazidi kushindwa kuiona.

Hatua ya 8. Jibu ni chanya

Anza dawa siku hiyohiyo ikiwezekana. Mkumbushe anayekuandikia kwamba uko kwenye ARV na taja aina yake. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, inapunguza nguvu ya dolutegravir, ARV iliyomo kwenye kidonge cha TLD, kwa hiyo wanaotumia TLD huongezewa dolutegravir ya miligramu 50, saa 12 baada ya kidonge cha kawaida. Usiache ARV kwa hofu ya wingi wa vidonge. Peleka unaoishi nao wakapimwe, kuanzia watoto wadogo.

Na ukishamaliza dozi, usiombe GeneXpert ili kuona kama umepona. Inaona hata vimelea vilivyokufa. Maendeleo yanafuatiliwa kwa darubini au kuotesha.

Ikikwama

*Sina dalili hata moja, na maswali yote ni hapana.* Vizuri. Uliza kuhusu dawa kinga ya TB, na jiandae kuulizwa tena miadi ijayo, kwa sababu maswali yanarudiwa kila safari.

*Mkojo chanya, makohozi hasi.* Havipingani. TB inaweza kuwa imesambaa bila kuwa nyingi kwenye mapafu. Ukiwa na VVU na dalili, unaanzishiwa dawa, na usugu unatafutwa kwa sampuli nyingine.

*Makohozi chanya, mkojo hasi.* Una TB. Mkojo hasi haufuti chochote.

*Nimeanza ARV mwezi uliopita, na sasa ndiyo naanza homa na tezi.* Mara nyingi kinga ikianza kuamka, TB iliyokuwa imejificha hujitokeza, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Usiache ARV. Rudi kituoni ukapimwe upya, hata kama ulipimwa kabla ya kuanza.

*Makohozi hayatoki kabisa.* Mwombe mhudumu. Vituo vyenye vifaa hukuvutisha mvuke wa maji ya chumvi mpaka yatoke. Ukiwa umelazwa au CD4 iko chini, mkojo unaweza kukusaidia wakati mnahangaikia makohozi.

*Mtoto hawezi kukohoa na kutema.* Kinyesi chake kinaweza kupimwa kwenye GeneXpert. Kwa mtoto mwenye VVU aliye chini ya miaka 10, maswali ni kikohozi, homa, kutoongezeka uzito, na kama kuna mgonjwa wa TB nyumbani. Nenda na kadi yake ya kliniki yenye mstari wa ukuaji.

*Jibu limepotea.* Nenda na tarehe uliyotoa sampuli na jina la kituo, omba waangalie rejista ya maabara. Kama halionekani siku hiyo, usiondoke bila kutoa sampuli nyingine.